Meza ya Nzisa Bado Inamngoja Mama

Kinu kinadunda nyuma ya hoteli ndogo mjini Wote, na jasho linamtiririka Nzisa Mbaluka hadi shingoni. Anatwanga mahindi ya muthokoi, chakula cha Wakamba cha mahindi yaliyokobolewa na mbaazi; ameyanyunyizia maji kidogo, anapepeta maganda, kisha anarudi kutwanga. Mashine ya kukoboa iko ng'ambo ya barabara, lakini yeye haitaki.

"Mashine inavunja punje," anasema bila kusimama. "Muthokoi ukivunjika unakuwa uji. Mtu ataula kwa sababu ana njaa, lakini harudi tena."

Jikoni, mbaazi zinatokota polepole kwenye jiko la makaa. Kuku wa kienyeji yuko kwenye sufuria nyingine. Na kwenye kona yenye joto, mbali kidogo na moto, vimesimama vibuyu vya kaluvu, pombe ya asali ya Wakamba, vikiwa vimefungwa midomo kwa kitambaa safi. Leseni imetundikwa ukutani, mahali ambapo kila anayeingia anaiona.

Ngure, fundi wa mitambo kutoka Murang'a aliyeletwa Makueni na kazi ya barabara, hula hapa karibu kila mchana. Anakumbuka alivyohangaika alipofika.

"Niliuliza watu pale steji, chakula cha huku kinapatikana wapi? Kila mtu ananionyesha chipsi," anasema na kucheka. "Nikawaambia, jamani, chipsi nimeziacha kwetu! Ni mama mmoja wa mitumba aliniambia, pitia nyuma ya soko, utasikia harufu ya asali."

Nzisa, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alikaa Nairobi muda mrefu akipika katika mahoteli makubwa. Alijifunza kupika vyakula ambavyo hata majina yake yalimshinda kutamka. Wageni walipouliza chakula cha Kenya, walipelekewa nyama choma na ugali, basi.

"Mimi nilikuwa najiuliza, na chakula cha kwetu? Kwani sisi hatukuwa tunakula?" anasema. "Usiku nikifunga macho naona sufuria ya mama. Nilikuwa natamani ule muthokoi mpaka machozi yananitoka, na mimi ndiye niko jikoni!"

Mama huyo ni Kasyoka, mkulima wa Mbumbuni na kiongozi wa akina mama kanisani. Ndiye aliyemfundisha Nzisa kushika mchi. Pombe alifundishwa na baba.

Marehemu Mbaluka alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Wazee wakitaka kaluvu ya mahari, walimtafuta yeye. Nzisa, akiwa msichana mdogo, alimshikia kibuyu huku baba akimimina asali iliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu, kisha akitia vipande vikavu vya tunda la mti wa muatine ili ichachuke.

Kisha Kasyoka akaokoka. Jioni moja alivitoa vibuyu vyote uani na kuvimwaga. Mbaluka aliporudi alikuta nzi wakitambaa juu ya udongo uliolowa. Hakugombana na mtu. Kulipokucha alibeba mizinga yake na kwenda Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, kwa ndugu yake aliyefuga mbuzi huko. Alikuwa akituma asali nyumbani, lakini yeye mwenyewe hakurudi. Alizikwa hukohuko.

"Mama anasema pombe ndiyo ilimtoa bwanake nyumbani," anasema Nzisa, na hapo anauegemeza mchi ukutani. "Mimi nikisikia hii asali ikianza kuchacha, naona baba amerudi. Sasa utatuamua vipi?"

Alipoacha kazi Nairobi na kufungua hoteli hii, asali aliitoa Tseikuru, kwa binamu zake wanaotunza mizinga iliyoachwa na Mbaluka. Mwaka ule mvua ilikosa kabisa. Nyuki walihama, na hadi waliporudi Nzisa alikaa miezi bila kibuyu hata kimoja. Wateja wengine wakapotea. Mama yake alipopata habari, alituma ujumbe kupitia jirani: hayo ni majibu ya Mungu.

Hata hivyo, Nzisa hakuacha kwenda Mbumbuni. Kila alipopata nafasi alimpelekea mama yake chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. Kasyoka alikipokea, akashukuru, na kukila akiwa peke yake baada ya binti kuondoka. Hakuwahi kusema ni kitamu au ni kibaya. Kila Nzisa alipomwalika Wote, alijibiwa neno moja: "La."

Mwaka jana, Kasyoka na akina mama wa kanisa lake walikuja Wote kumwona mgonjwa. Wakitoka hospitali walikuwa na njaa, na baadhi yao, bila kujua hoteli ni ya nani, wakaingia kwa Nzisa. Waliagiza muthokoi. Mmoja wao, Mbithe, alipoonja tu akaweka kijiko chini.

"Nilisema, huu ni mkono wa Kasyoka," anasimulia Mbithe. "Nikatoka mpaka kwa gari alikokuwa amebaki, nikamwambia, wewe, mtu amekuibia mapishi!"

Kasyoka alijua mara moja ni nani. Alishuka, akatembea hadi ng'ambo ya barabara, mkabala na hoteli, na kusimama pale, mkoba kifuani. Nzisa alimwona kupitia dirishani. Alitoka mbio na mikono yenye unga.

"Mwaitu, karibu ndani," alimwambia mama yake.

"Hapa nilipo panatosha."

Nzisa alirudi ndani. Alibeba stuli na sahani, akavuka navyo, akamweka mama yake kivulini kando ya duka la mbegu. Kasyoka aliinamisha kichwa, akaombea chakula, akala. Magari yakapita. Watu wakatazama. Binti alibaki amesimama kama mhudumu anayengoja kuambiwa kosa lake.

"Chumvi umepunguza," mama alisema hatimaye.

"Wateja wengine wana presha, mwaitu."

"Mbaazi ziko sawa."

Ni wakati huo upepo ulipogeuka na kuileta harufu ya vibuyu barabarani. Kijiko cha mwisho cha Kasyoka kikasimama kabla ya kufika mdomoni.

"Hiyo ni ile ya Mbaluka?"

"Ni yake. Hata asali inatoka kwa mizinga yake."

Mama alikimalizia kijiko hicho. Kisha akasema, taratibu sana, "Alikuwa anarudi jioni koti likinukia hivyo. Nami nilikuwa nangojea mlangoni." Akamrudishia binti sahani iliyokwisha, akajipangusa mdomo, akaenda zake garini.

Hajarudi tangu siku hiyo. Nzisa anakiri kwamba kila gari la kanisa likiegeshwa karibu, yeye huacha alichoshika na kuchungulia. Akiulizwa kwa nini asiiache tu pombe, anatikisa kichwa. "Nikiimwaga, nitakuwa nimemfukuza baba mara ya pili. Siwezi."

Alichoweza ni kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu chumba kitupu kilicho upande wa pili wa jengo, chenye mlango wake unaotazama kanisa moja la mjini. Anataka kukifanya hoteli ya chakula pekee. Hakuna kibuyu kitakachovuka ukuta. Huko anatarajia kuwafundisha wasichana wawili kutwanga na kupika, na mwalimu anayemtaka ni mmoja tu.

Wiki iliyopita alifunga safari hadi Mbumbuni kumwambia. Kasyoka alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jiko litakaa upande gani, akauliza kinu ni cha mti gani. Kisha akasema atalipeleka jambo hilo kwa maombi.

"Mama yangu akikataa, anakataa papo hapo," anasema Nzisa, akiokota mchi wake tena. "Hii mara ya kwanza amesema ataomba."