Fundi wa AC kafika, baba tumemzika juzi

Jamani, tulisahau kabisa kumwambia fundi asije.

Tumekaa msibani hapa Kabasa, mara bajaji hiyo, na boksi la AC ndani.

Nyumba hii baba aliijenga enzi za Ujamaa, chumba chake kina dirisha moja dogo. Alipoanza kuumwa alikuwaga halali kwa joto. Tukauza dume lake la ng'ombe, tumnunulie AC.

Dume hilohilo ndilo tungelichinja kwenye mazishi yake.

Fundi akaganda mlangoni. Nyie mngemwambia nini?

Mama ndiye alijibu: "Funga tu, mwanangu. Ng'ombe si ameshauzwa."

Akafunga. Chumba kikapoa kweli.

Sasa hivi mama kaingia na blanketi. Kafunika kitanda cha baba, katoka.