Moka Iliyooshwa kwa Sabuni

"Ni mkweo! Nani mwingine angeosha moka kwa sabuni? Huko kwao Milano hata sanamu ya mtakatifu wanaitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo!"

Filomena aliiinua ile moka, birika dogo la kuchemshia kahawa, juu kama padri anayeinua kikombe cha misa. Ersilia, wifi yake, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza ya jikoni, mikono mapajani, gauni jeusi limefungwa vifungo hadi kooni.

"Tazama ndani, inang'aa! Miaka thelathini na minane marehemu kaka yangu aliisuuza kwa maji ya moto tu. Ilikuwa nyeusi kama bomba la moshi, na ladha yote ilikuwa kwenye weusi huo. Leo mtu anaweza kujipaka poda humu."

"Basi jipake, wifi. Unahitaji."

Maneno yalimtoka yenyewe, kwa mazoea. Tangu mumewe Gerardo afe, siku nane zilizopita, Ersilia alikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, unauona, ukiufinya si wako. Kaburini hakutoa chozi. Wanawake wa mtaa walimfinya mkono kwa huruma, kisha wakamfinya zaidi kuona kama atalia.

Na kahawa ya Gerardo si jambo dogo pale Roccaspina. Donato kinyozi alishawahi kufa asubuhi moja ya Jumatatu. Wakamsogezea puani kikombe cha Gerardo, akaketi kitandani, akauliza sukari iko wapi, akaishi miaka sita mingine. Asiyeamini aende kwa mjane wake, kijiko kipo hadi leo.

Wiki nzima jiko la nyumba ile halikuwashwa, kama inavyotakiwa penye msiba. Majirani walileta supu, mkate na kahawa kwenye chupa ya chai. Jana Filomena alipanda kurudisha sufuria za watu, akaiona moka rafuni imetakata, na kabla mkate wa leo haujatoka tanurini mtaa mzima ulikuwa na habari: Ivana, mke wa Sandro mwana wa Ersilia, aliyekuja kwa mazishi, ameiharibu moka ya marehemu.

"Jumapili nitasema mezani, mbele ya ukoo wote," Filomena aliapa. "Huyo Ivana hatagusa kitu tena humu ndani. Hata kijiko!"

Ersilia alijua kwamba Ivana hakuigusa. Alijua pia kwamba neno moja lingetosha. Lakini lilikuwa mbali, kama kitu kilichowekwa juu ya kabati, naye hakuwa na nguvu ya kuvuta kiti.

"Tuipime," alisema.

Akajaza maji hadi chini kidogo ya valvu. Akamwaga unga wa kahawa, akaufanya kilima kidogo bila kuushindilia, akautoboa matundu matatu kwa kijiti cha meno, kama Gerardo. Moto mdogo kabisa, kifuniko wazi. Ikakoroma.

Filomena alionja, akafanya ishara ya msalaba, akamwaga kwenye sinki.

"Chuma! Nimelamba reli."

Moka ya pili.

"Sabuni. Nikipiga chafya yatatoka mapovu. Wewe je?"

Ersilia alikuwa amekunywa kikombe chake chote. "Ya moto," alisema.

"Ya moto! Mwanamke amefiwa na mume na ulimi!"

Ersilia akapanga ya tatu, akaiweka jikoni. Kwa moka mpya, kahawa tatu za kwanza humwagwa. Sasa hii ilikuwa mpya au kuukuu? Nani angejua.

Filomena alijifuta mdomo, na sauti yake ikashuka. "Hata huyo msichana sijui tulimkosea nini. Amekuja kumfuta kaka yangu. Alichotuachia kilikuwa humo ndani, wifi. Humo tu."

Ersilia aliutazama ule moto mdogo.

"Ni mimi."

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyeiosha. Kwa sabuni na stiliwaya. Asubuhi ile Gerardo hakuamka. Nikaja huku nikaiosha, nikaisugua hadi mkono ukauma. Ndipo nikakuita. Alikuwa bado ana joto."

Filomena alikiweka kikombe mezani polepole, mwanamke ambaye hakuwahi kuweka kitu polepole maishani mwake.

"Kabla ya kuniita mimi?"

"Kabla."

"Na tangu jana unaniacha namchafua mtoto wa watu mtaani?"

"Nilikuwa nakusikia, wifi, kama redio ya jirani."

"Kwa nini uliiosha? Niambie. Kwa nini, Ersilia?"

Ersilia alifungua mdomo. Kitu kilianza kupanda kifuani, kidogo, chenye uzito, na alitaka kukisema kabla hakijashuka tena.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Ivana aliingia, nywele zimelowa mvua, boksi kwapani. Alimwangalia Filomena, akamwangalia mama mkwe wake, akaliweka boksi mezani katikati ya vikombe.

"Mama, nimekununulia nyingine. Wameniambia kule kwa muuza mkate. Sikumbuki kuiosha, naapa sikumbuki, lakini kama niliiosha..."

Jikoni moka ya tatu ilianza kukoroma. Hakuna aliyeinuka kuiepua.