Mpira Uliomfunga Cherehani

Mama Cherehani ni dobi, na mpole kupita kiasi. Ukali wake wote huishia kwenye mikunjo ya mashati ya watu. Bintiye aliitwa Cherehani kwa sababu akikaa, magoti yanashona. Jina hilo lilitoka kwa wifi wa dobi, dada wa mumewe, na halikutoka kwa mapenzi.

Dobi alipolazwa hospitali, mtoto alipelekwa kwa huyo shangazi. Siku moja shangazi mtu alichoka kusema "tulia uandike". Akachukua ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akamfunga miguu kwenye kiti mbele ya binamu zake. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Mtoto akajikojolea. Mama yake, ametoka hospitali hata nguvu hana, alimkuta bado amefungwa. Aliufungua mpira, akautia mkobani, akamshika mwanawe mkono wakaondoka.

Tangu hapo hakuacha kumwombea wifi yake. Ila haikuwa dua ya heri. "Mola wangu, mlete mlangoni kwangu. Mlete akiwa na shida."

Baadaye mshauri mmoja alimweleza kuwa mtoto hana jeuri wala pepo. Ana ADHD: umakini wake unarukaruka, na mwili unadai kusogea. Dobi akafundishwa, akafundishika. Meza ya pasi ikawa dawati, mtoto akasoma amesimama. Kazi ndefu ikakatwa vipande vidogo. Mama alipiga pasi pembeni, kimya, maana Cherehani alisoma vizuri mtu akiwa karibu. Na ule mpira akaufunga kati ya miguu ya mbele ya kiti, mtoto akikaa aupige teke apendavyo. Majirani wakaanza kuleta wa kwao. Leo Cherehani yuko chuo cha ualimu, na likizo humsaidia mama yake.

Basi dua ikajibiwa. Wifi alibisha hodi mchana, amemshika mkono kitindamimba wake, ambaye tayari alikuwa anachezea komeo la mlango.

"Wifi yangu kipenzi! Umenitupa jamani."

"Nimekutupa wapi, wifi, na jina lako haliishi mdomoni mwangu?"

Wifi akacheka, hakujua anachekea nini. "Huyu atanitia kichaa. Shule wamesema asipotulia, muhula ujao hawamtaki. Nisaidie, mama."

Dobi alimtazama mtoto, akajua hatamrudisha. Lakini wifi hakujua hilo, na dobi hakuwa na haraka ya kumwambia.

"Nitamchukua. Kaa kwanza kwenye kiti kile."

Wifi akakaa. Dobi akapiga magoti kama anayesali, akaufungua mpira kwenye kiti, akaanza kuuzungusha kwenye vifundo vya wifi yake.

"Wifi, unafanya nini?"

"Tulia."

"Wewe, wifi!"

"Tulia uandike. Si ndivyo ulivyokuwa unasema?"

Wifi akautambua mpira. Uso ukamshuka. Akageuka kwa Cherehani, aliyesimama mlangoni na beseni la nguo. Cherehani hakumwokoa. Goti lake tu ndilo lilikuwa linashona.

Mtoto akasogea. "Mama, umefanya kosa gani?"

"Mwambie," dobi alisema kwa upole. "Ukimwambia, nakufungua."

"Nilimfunga dada yako huyo. Hivi hivi."

"Kwani alifanya nini?"

"Alikuwa... anatikisa miguu."

Mtoto akaitazama miguu yake mwenyewe, ambayo haijawahi kutulia tangu izaliwe. Kisha akamwacha mama yake pale kitini, akaenda kusimama kwa Cherehani, akashika ukingo wa beseni.

Kutubu, dobi angetubu baadaye. Mchana ule aliuacha utamu ukae kinywani. Alifungua vifundo vya wifi taratibu, akaurudisha mpira kwenye miguu ya kiti, akauvuta kuona kama umekaza.

"Haya, inuka wifi. Hicho ni kiti cha mwanao."