Bei Aliyoiombea Winfred

Ukitaka kujua Winfred Nyanchama ni mtu wa namna gani, mpe karatasi aisome. Hasomi kimyakimya kama watu wengine. Husoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, na akifika mwisho huuliza nani ametia sahihi. Miaka tisa ya uuguzi hapa Doha imemfanya hivyo. Kwenye wadi yao dawa kali haitolewi mpaka wauguzi wawili wasimame pamoja, mmoja asome jina la mgonjwa na kipimo, mwenzake aitikie, kisha wote watie sahihi. Tabia hiyo ameibeba hadi dukani, hadi benki, hadi kwa fundi cherehani. Wenzake anaoishi nao wameshamzoea, na akiwa hayupo humwita Hakimu.

Lakini hata Hakimu hupitiwa, na yeye alipitiwa kanisani.

Ilikuwa Ijumaa, kule Mesaimeer, ibada imekwisha na kikundi chao cha maombi kimebaki nyuma kama kawaida. Kinaongozwa na Mama Proscovia, Mganda mmoja mpole mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye hapendi maombi ya juujuu. Ukisema unaomba baraka, atakuuliza baraka gani, kiasi gani, lini. Anasema Mungu hapigi ramli, aambiwe kitu kwa jina lake. Basi zamu ya Winfred ilipofika, akasimama akasema yote. Amepata kazi mpya Lusail, ya kuzungukia wagonjwa majumbani. Ni kazi ya mchana tu, na mshahara wake unaeleweka. Ila sharti awe na gari lake. Anaanza Jumapili ya wiki ya pili, na asipofika na gari siku hiyo, nafasi inakwenda kwa anayemfuata kwenye orodha.

"Bima nimeitenga kando," akasema. "Ya gari lenyewe nina riyali elfu kumi na tisa. Hakuna hata riyali moja juu yake."

Wakamwombea kwa nguvu. Mama Proscovia akaitaja ile elfu kumi na tisa mara tatu, mbinguni wasije wakasema hawakusikia.

Baadaye Wesley akamfuata mlangoni. Wesley ni dereva wa hoteli moja West Bay, mtu wa watu, na kila Mkenya wa kikundi kile aliyewahi kununua gari amepelekwa na yeye. Akamwambia asihangaike mitandaoni, kuna kijana wao anaitwa Collins anauza magari kwenye yadi moja upande wa viwandani. "Ni mtu wa nyumbani, Dada Winnie. Hawezi kukuchezea."

Jumanne wakaenda. Winfred akaiona Yaris ya kijivu, akaizungusha mtaa mzima akiwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Msimcheke. Mtihani wa kuegesha gari ulimwangusha mara tatu kabla ya kupata leseni, na kila kuanguka kulimla pesa na likizo. Wakapatana elfu kumi na sita na mia tano. Akatoa arubuni ya riyali mia tano, akaandikiwa risiti yenye bei kamili, akaisoma kwa sauti mbele ya Collins, na Collins akatia sahihi. Akarudi nyumbani anaimba.

Jumamosi, siku moja kabla ya kuanza kazi, wakarudi kuchukua gari. Wesley alikuja naye kwa teksi, ambayo ililipiwa na Winfred. Collins akawakaribisha chai ya karak kwenye vikombe vya karatasi, akasogeza karatasi ya malipo. Winfred akaweka kidole, akaanza.

"Bei ya gari, elfu kumi na sita na mia tano. Kusafisha na kung'arisha, mia nane. Vifaa vya usalama, mia tatu. Makaratasi, mia saba. Huduma, mia saba." Kidole kikashuka hadi chini. "Jumla, elfu kumi na tisa."

Nitawaambia ukweli, na yeye mwenyewe hakatai. Kitu cha kwanza kilichomjia si hasira. Mwili ulimsisimka. Elfu kumi na tisa, ileile, bila kuzidi wala kupungua. Midomo ilishaanza kufunguka kutoa shukrani.

"Umeona Mungu, dada," Wesley akasema taratibu. "Ni ile hesabu yako kabisa."

Afadhali angenyamaza. Sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi, na Winfred akafunga mdomo, akarudisha kidole juu.

"Collins, Jumanne tulipatana kumi na sita na nusu. Hizi zingine zimetoka wapi?"

"Hizo ni za kawaida, dada. Kila mteja analipa."

"Jumanne sikuwa mteja?"

Collins akacheka kidogo. Alikuwa kijana nadhifu, saa kubwa mkononi, na kila akibanwa aliangalia kompyuta kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Akasema si yeye, ni mashine. Ikishaandika haifuti. Bosi naye hapatikani. Na arubuni, kwa bahati mbaya, hairudishwi.

Hapo damu ikaanza kumchemka. Hakuna kitu kinachomkera Winfred kama mtu mzima kujificha nyuma ya mashine. Akainuka. "Twende nje. Nionyeshe huko kung'arishwa."

Jua la saa sita lilikuwa linachoma hadi kwenye meno. Akafungua mlango wa nyuma. Ubani wa kutafuna aliouona Jumanne umenata kwenye kiti ulikuwa bado umenata, na chembe za biskuti zilikuwa palepale kwenye mfereji wa kiti.

"Gari hili limesafishwa na nani?"

"Vijana wetu."

"Kijana gani? Siku gani? Mwite aje aniambie alianzia wapi."

Collins akajifuta jasho. Winfred akafungua buti. Pembetatu ya kuweka barabarani ilikuwa na mguu mmoja uliovunjika, na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umepitwa na tarehe kabla corona haijafika duniani. Akausoma wote kwa sauti, maandishi madogo na makubwa. Fundi aliyekuwa kivulini akifungua tairi akaacha kazi, akaja kusikiliza.

Wakarudi ndani. Ya makaratasi haikuchukua muda. Winfred alikuwa amefungua simu, kwenye ukurasa wa kuhamisha umiliki. Ada ya serikali ilikuwa pale, ndogo, na atailipa mwenyewe. Muuzaji anabonyeza kwenye simu yake, mnunuzi anabonyeza kwenye yake, basi. Hiyo mia saba ni ya kubonyeza?

"Dada, tusigombane, sisi ni watu wa nyumbani," Collins akasema, na safari hii sauti ilikuwa imekauka. "Sai ni saa saba. Saa nane tunafunga. Na kesho ni Jumapili, Lusail wanakungoja na gari. Ukiacha hii utapata lingine saa ngapi?"

Winfred akaduwaa. Kesho, Lusail, gari. Alikumbuka kila neno alilowahi kuzungumza na Collins. Walizungumza injini, matairi, kilomita. Kazi hakuigusa. Mtu akitaka kununua kitu, hamwambii muuzaji kwamba ana shida nacho. Hilo hata mtoto anayetumwa sokoni Nyamira analijua. Kazi alimwambia Mungu tu, na watu waliokuwa wameinamisha vichwa pembeni yake.

Akamgeukia Wesley. Wesley alikuwa anasoma simu, na simu yenyewe ilikuwa imezima kioo.

Iliuma. Wizi si jambo jipya kwake, ameshaibiwa Nairobi mchana kweupe na hakulia. Hii iliuma kwa sababu siku ile Wesley ndiye aliyemshika bega wakati wa kuomba. Aliukumbuka hata uzito wa mkono wake.

"Mpigie bosi wako," akamwambia Collins. "Mwambie nina risiti ya kumi na sita na nusu, ina sahihi yako. Mwambie Jumatatu naweza kupata nafasi ya kwenda kuuliza wanaoshughulikia haki za wanunuzi kama mashine yenu ina ruhusa ya kuongeza bei usiku."

Bosi ambaye hakupatikana akapatikana mara ya kwanza simu ilipolia. Collins akatoka nje kuzungumza, akarudi amenywea, akachukua kalamu, akakata mstari wa kung'arisha, wa vifaa, na wa makaratasi. Kumbe mashine inafutika. Kalamu ikasita kwenye mstari wa nne.

"Hii ya huduma siwezi, dada. Si yangu, na si ya bosi."

"Ni ya nani?"

Collins akamtupia Wesley jicho.

"Dada Winnie, usinichukulie vibaya," Wesley akasema. "Hiyo ni ya mafuta tu. Mimi naacha shughuli zangu kuwaleta watu huku. Halafu we mwenyewe ulisema kumi na tisa unayo. Si kama nimekutoa damu."

Mara hii Winfred hakupandisha sauti. Alichoka ghafla, uchovu ule wa mwisho wa zamu. Mia saba ilikuwa si kitu mbele ya kazi, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Moyoni alikuwa ameshakubali kulipa. Akaichukua kalamu kutoka kwa Collins, akaiweka mbele ya Wesley pamoja na ile karatasi.

"Nitalipa," akasema. "Lakini kwetu anayetoa huduma ndiye anayetia sahihi. Andika hapa jina lako kamili, huduma uliyonipa, na siku uliyonipa. Kama ni Ijumaa, andika Ijumaa."

Wesley akacheka, akamtazama Collins acheke naye. Collins alikuwa ameipata kazi ya kupanga vikombe. Wesley akaishika kalamu. Akaisogeza karibu na karatasi, akaitazama, akaizungusha vidoleni. Kiyoyozi kiliunguruma juu yao kama kina kohozi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, haondoki.

"Andika tu, Ndugu Wesley," Winfred akasema. "Naileta pesa."

Wesley akaiweka kalamu chini. Collins akaichukua bila kuambiwa, akakata mstari wa nne.

Saa nane kasoro dakika kumi gari lilikuwa la Winfred Nyanchama, simu zote mbili zimeshabonyezwa. Ungedhani angetoka anacheka. Alitoka, akaukosea mzunguko wa kwanza wa barabara, akapigiwa honi, akaukosea na wa pili. Kwenye kioo cha nyuma alimwona Wesley amesimama langoni kwenye jua lile, anasimamisha teksi. Huruma ilimshika, kidogo, na hakusimama. Hasira ya pesa ilikuwa imemwisha. Iliyobaki ilikuwa ya yale maombi, na hiyo hakujua aipeleke ofisi gani.

Jumapili alifika Lusail robo saa kabla ya wakati. Msimamizi akachungulia dirishani, akaliona gari, akaweka alama kwenye orodha, basi. Wiki nzima Winfred akazunguka kwa wagonjwa wake, ubani wa kiti cha nyuma ameukwangua kwa kisu, na wiki nzima akawaza Ijumaa. Karatasi ile yenye mistari minne iliyokatwa aliitia kwenye mkoba. Alikusudia kusimama nayo na kuisoma mbele ya wote, neno kwa neno, jinsi anavyojua yeye.

Ijumaa ikafika. Wesley alikuwepo, tena kiti cha mbele, ameshawaeleza watu kwamba Mungu ametenda na Dada Winnie amepata gari. Watu wakampongeza Winfred, wengine wakampongeza Wesley. Mama Proscovia akamwita atoe ushuhuda. Winfred akasimama, mkono ndani ya mkoba, vidole vimeigusa karatasi. Akawatazama wale watu aliokuwa akiwaambia kila kitu kwa miaka tisa. Kama angesoma, kikundi kingegawanyika pale pale, nusu wangesema Wesley ni mwizi na nusu wangesema dada yule hana shukrani, na Wesley mwenyewe angeomba msamaha vizuri kuliko mtu yeyote.

"Gari nimepata," akasema. "Nashukuru." Akaketi. Akajiona mwoga.

Ikaja zamu ya maombi. Akasimama Stacy, msichana wa mapokezi hotelini, ana miezi minne tu Doha. Akasema ndugu zangu mniombee, mimi pia nataka gari, nimechoka kungoja basi juani. Wesley akageuka na kiti chake kumsikiliza vizuri, simu mkononi.

"Natakiwa nilipate kabla ya mwisho wa mwezi," Stacy akaendelea, "na pesa niliyonayo ni elfu kumi na..."

"Stacy, mdogo wangu," Winfred akasema akiwa ameketi palepale. "Bei mwambie Mungu. Sisi tuambie rangi."

Watu wengine walicheka, wakidhani ni utani. Mama Proscovia hakucheka. Alimtazama Winfred, kisha akafuata macho ya Winfred hadi kwa Wesley, na akabaki ametazama huko kwa muda. Wesley akairudisha simu mfukoni.

Stacy alisimama amechanganyikiwa, akifikiri.

"Nyeupe," akasema mwishowe.

Mama Proscovia akainamisha kichwa, wengine wakafuata, wakaombea gari jeupe.