Safari za Roselida na Watoto Kwenda Sio Port

Simu ya Robinson ilimkuta Roselida nyuma ya nyumba yake hapa Malaba, akipepeta mahindi. Robinson ni kitindamimba wake, mwalimu huko Nyahururu, ambako watoto huvaa sweta hata Desemba.

"Mama, tunakuja na watoto. Tunataka kuwafikisha kwenu Sio Port. Vivian anauliza tuwabebee nini. Hawa hawajui joto."

Roselida akacheka. "Mwambie mke wako asibebe nyumba nzima. Nguo za pamba, nyepesi. Za jioni ziwe na mikono mirefu, mbu wa ziwa hawana heshima kwa mgeni. Chandarua ninacho. Lakini mpite hospitali kwanza mwulize dawa ya kuzuia malaria. Damu ya hao watoto haijazoea."

"Na chakula cha njiani?"

"Ndizi na njugu. Nyama ya kukaanga iacheni, joto litaiharibu kabla hamjafika Eldoret. Na maji ya kuchemsha. Mtoto usimngoje aseme ana kiu, mpe."

Alipokata simu hakurudia mahindi. Aliketi pale pale juu ya gunia, ungo mapajani, akikumbuka miezi ya Agosti ya zamani.

Miaka ile, shule zikifungwa tu, aliondoka Malaba na watoto wake wanne kwenda kwa wazazi wake Sio Port. Mumewe, marehemu Omagor, alikuwa fundi wa magurudumu ya malori na hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo Roselida alikuwa peke yake na watoto. Waliondoka kabla jua halijachomoza, wakapitia Amukura hadi Busia, wakapumzika hapo, kisha wakatafuta gari la ziwani. Kabla ya kila safari aliwashonea wote nguo za kitambaa kimoja. Majirani walimcheka wakisema amefungua kwaya. Yeye alijua anachofanya. Katika umati wa Busia, jicho lilitafuta rangi tu.

Mwaka mmoja kitambaa kilikuwa cha manjano. Robinson alikuwa hajaanza shule. Busia ya wakati huo ilijaa baiskeli zenye viti vya sponji, zikivusha abiria kutoka upande huu wa mpaka hadi ule. Roselida alikodi baiskeli ya mzee mmoja, Methuselah, akampandisha mwanawe Winny pamoja na mizigo wapelekwe kwenye stendi ya Sio Port. Wengine wangefuata kwa miguu. Robinson, aliyeshika pindo la leso ya mama yake, alilia kwamba naye anataka kupanda.

Lori likapita, watu wakasukumana kulikwepa. Lilipokwisha kupita, pindo la leso lilikuwa linaning'inia bila mkono.

Roselida aliwakokota wale wawili hadi kwenye kibaraza cha duka, Methuselah naye akamrudisha Winny hapo hapo. "Msiinuke hapa hata mkiitwa na nani!" Kisha akakimbia akipiga kelele, "Mtoto wa manjano! Nani ameona mtoto wa manjano?"

Kwanza aliogopa malori. Halafu akaogopa ule mpaka wenyewe, maana mtoto akishapotelea ng'ambo utamwulizia kwa nani? Lakini neno lilikwisha kutangulia mbele yake, kutoka kwa wauza nyanya hadi kwa wabadilisha pesa, na mama mmoja akamwonyesha kwa kidole: "Wa manjano amefuata baiskeli ya kuvusha watu, ameelekea Uganda." Askari kwenye kizuizi alimtazama uso, akainua mkono tu. "Pita, mama. Pita."

Alimkuta chini ya mwavuli wa mwanamke aliyeuza ndizi za kuchemsha. Mwanamke huyo, Fazila, alikuwa amemfunika Robinson kitambaa chenye maji kichwani, na alimnywesha uji kidogo kidogo.

Roselida aliinua mkono ampige mtoto.

"Nyabo, mama, huyu ni wako?" Fazila aliuliza, akijiweka katikati.

"Wangu."

"Basi kaa kwanza. Jua lilikuwa limemkausha. Woga umeshampiga, wewe usimwongeze. Nimemwuliza jina la baba yake, anasema ni Baba. Mfundishe."

Roselida aliketi, akalia mbele ya wateja bila kuona haya. Fazila akamjazia naye kikombe cha uji.

Toka siku hiyo watoto wale walijua majina kamili ya wazazi wao na ya nyumbani kwao; waliyaimba njiani mpaka abiria wakachoka. Na kila Agosti walipumzika chini ya mwavuli wa Fazila. Wakati wa kurudi, Roselida alimletea omena, wale dagaa wakavu wa Sio Port. Watoto walikua, safari zikakoma, lakini wanawake hao wawili hawakuachana. Kisha ukaja mwaka wa korona, mpaka ukafungwa, na dereva wa lori akaleta habari kwamba Fazila amefariki. Roselida alifika Busia akasimama karibu na geti. Aliutazama upande wa pili, barabara tupu, hadi alipoambiwa aondoke. Fazila alizikwa bila yeye.

Desemba akina Robinson walikuja, wakamchukua Roselida. Robinson alisimamisha gari Busia ili wanawe, Omuse na mdogo wake Rozi, wanyooshe miguu. Vivian akawapa maji bila kuambiwa.

"Mama, ule mwavuli ulikuwa wapi?" Robinson aliuliza.

Roselida alitazama uzio, majengo mapya, malori yaliyopangana, bodaboda za pikipiki. "Hapo," alisema. Kisha, "Au pale. Wamejenga, mwanangu. Sijui tena."

Sio Port nayo ilikuwa imebadilika. Ziwa lilikuwa limepanda likameza ufuo ambako wanawe walikuwa wakikimbia. Wajukuu walitaka kuingia majini papo hapo, akawakataza kabisa: kwenye matete yale kuna kichocho, na viboko pia. Aliwaogesha kwa beseni nyuma ya nyumba ya kaka yake, wakapiga kelele za furaha vile vile.

"Nyanya, baba alikuwa mdogo kama mimi?" Rozi aliuliza, povu machoni.

"Mdogo kuliko wewe. Na mkaidi."

Mchana joto lilipozidi, watoto walilala mkekani karibu na mlango. Roselida aliwapepea kwa kipande cha katoni, polepole, huku akisikia harufu ya omena ikitoka kwenye nyavu za kuanikia.

"Mama, lala na wewe," Robinson alisema.

"Nikilala, nani atawapepea?"

Robinson akaketi kando yake, akaichukua katoni mkononi mwake.