Nilivyotoka katikati ya igizo la wauguzi

Leo nimewaharibia wanafunzi wa uuguzi igizo lao.

Mwalimu wao aliniomba niigize mama mwenye mtoto mgonjwa, wajifunze kuhudumia watu wa hali zote. Nikaenda na mwanangu mgongoni.

Binti mwanafunzi aliyeigiza wa mapokezi: "Mama, daftari la matibabu?"

"Sina."

"Kanunue kwanza, ndipo urudi."

Basi nikatoka, nikashika njia ya kwetu Mkolani.

Mwalimu akanikimbilia. "Mama Neema, mbona unaondoka? Ungembembeleza!"

"Mwalimu, hata hospitali yenyewe nikirudishwa huwa sibembelezi. Naondoka na mtoto na homa yake."

Yule binti alisikia. Akachana karatasi kwenye daftari lake la masomo, iwe badala ya daftari la matibabu.

"Njoo dada, tumpime mtoto kwanza."

Nikarudi, ila nikamwambia tuanze upya, maana hata salamu hakunipa.

Nyie wenzangu, mngebembeleza?