Kiganja Juu ya Spika

Shemeji yangu amesimamia mashine ya kusaga nafaka tangu ndevu zake hazijaota, na sasa zimeota mvi. Mashine ile inanguruma kutwa. Wateja wanamwelekeza kwa vidole, yeye anajibu kwa kutikisa kichwa, na kama kuna beringi inayotaka kufa anaijua kwa kuweka kiganja juu ya bodi. Jioni anarudi mweupe hadi kope, anaoga, anakula, anajibwaga mbele ya televisheni kama gunia lililotuliwa.

Dada yangu ndiye mkewe. Jumapili jioni alisimama mlangoni mwa jikoni akamwambia kwamba amechoka kuishi na ukuta, mwisho wa mwezi anarudi kwetu. Shemeji akasema, "Sawa." Basi. Sawa! Dada alinisimulia akiwa hana hata nguvu ya kulia. Na wiki haijaisha, bwana yuleyule akamjia na furaha zake: twende dukani ukanisaidie kuchagua hom thieta, zile spika za televisheni, watu wa kwenye televisheni siku hizi wanaongea kama wamekatazwa.

"Ananiruhusu niondoke, halafu nimchagulie spika," dada aliniambia. "Twende wote, maana nikiwa peke yangu nitamrukia."

Mimi sina subira na wanaume wa aina ile. Nilikwenda nikiwa nimeshaandaa maneno yangu.

Duka lilikuwa refu, lina joto, spika zimepangwa ukutani hadi darini. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alitueleza vizuri: risiva ndiyo inayopokea sauti na kuigawa, kila spika na fungu lake, sabufa ni ya mingurumo, na ile ndogo ya katikati, chini ya televisheni, ni ya mazungumzo. "Mkikosea hiyo ya katikati, mtaona midomo tu," alisema.

Shemeji wala hakumtazama. Alikuwa akiinyanyua risiva moja baada ya nyingine kupima uzito. Kisha akaanza kupita kwenye sabufa na kiganja chake. Iliyotetemesha vioo vya kabati ndiyo akaikubali. "Hii ina afya," akasema kwa sauti ya dalali mnadani.

"Shemeji, unanunua spika au mashine nyingine ya kusaga?" nikamtania nikiwa nyuma yake.

Hakujibu. Nikaona ni kiburi chake kilekile.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, kama anayesubiri zamu hospitali. Muuzaji akazima sabufa, akaiacha ile ya katikati peke yake. Kwenye kioo cha televisheni ya duka mwanamke alikuwa akimbembeleza mumewe anywe dawa, taratibu, sauti safi mno, hata dada akainua kichwa. Shemeji akaweka kiganja juu ya spika. Akangoja. Akakihamishia upande wa pili.

"Washa basi, mama," akamwambia muuzaji.

Muuzaji akanigeukia mimi. "Mbona imewaka?"

Shemeji akaendelea kungoja, kiganja palepale. Maneno niliyoyaandaa nikayatupa. Dada akainuka polepole, akamfuata, akamgeuza kwa bega hadi wakatazamana.

"Jumapili nilikuambia nini?" akauliza kwa sauti iliyowageuza wateja wengine.

Shemeji aliitazama midomo yake, kisha sakafu. "Sijui. Nilisema sawa. Mimi husema sawa tu."

Dada akamwinua kidevu. "Kwa nini hukuniambia kuwa husikii?"

"Niliona ukijua, utaniacha."

Katika duka zima ni mimi na dada tu tulioujua uzito wa jibu lile. Roho iliniuma, na hasira nazo zilinipanda, mtu mzima kuficha masikio yake kama mtoto aliyevunja kikombe. Dada alimpangusa unga uliobaki nyuma ya sikio. Ulikuwa umegandamana, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukatoka.

"Kwani uliniambia nini?" shemeji akauliza.

"Nilikuambia nimechoka," dada akamjibu, uso kwa uso, neno moja moja. Lile la kuondoka hakulisema.

"Hata mimi, mama," akasema shemeji. "Hata mimi."